Biskwi ya Mama Aliyekufa

Sake, siku ya kwanza, mwezi wa pili

Kwako Yaya Mukasine,

Nakusalimia sana, wewe na shemeji Jean-Claude na watoto wote wa nyumba yako kule Walikale. Natumaini barua hii itakukuta muzima, na yale maumivu ya mugongo yaliyokuwa yanakusumbua kila mvua ikianza yamekupa nafasi ya kupumua. Hapa kwetu inanyesha kila siku kisha saa sita, matope inafika mpaka kwenye mulango, lakini tunakula na tunaamuka, na hiyo si kidogo. Mimi niko na afya. Nimenona hata, ungeniona ungecheka. Unisalimie Mama Adrienne, bibi ya Papa Mbusa, umuambie kama kazi aliyonifundisha kwenye kiwanja chake haikupotea. Hapa utasoma ile kazi imenifikisha wapi, lakini hiyo usimuambie.

Najua umengoja habari yangu muda murefu. Kwa telefone nilikuambia tu kama nimefika na mutoto iko muzima. Mengine sikutaka muntu wa hapa anisikie nikiyasema. Leo watoto wamelala usingizi wa muchana, na mimi ninaandika juu ya meza ambayo bado iko na unga, utaona alama zake kwenye karatasi.

Siku nilifika, kisha ile miaka mbili kwako, wa kwanza kuniona alikuwa mama mukwe, Mama Mukandori. Alikuwa anaanika maharagi juu ya shitingi ya plastiki. Aliachilia ungo, akaita jina la Yesu mara tatu, akakimbilia ndani na kufunga mulango. Nilisimama kwenye kiwanja changu mwenyewe, mufuko mukononi, nikimusikia analia kama mufu amekuja kumutafuta. Njo hapo nilijua kama walinifanyia matanga. Walikaa siku tatu kule kwenye kambi ya wakimbizi pembeni ya Goma, wakaimba, pasteur akaomba, na Ngabo bwana yangu alivaa nguo nyeusi. Mutoto wangu Cyusa alikuwa na miezi kumi. Wakamufunga kitambaa cheusi kidogo kwenye mukono, kwa sababu mama yake amekufa.

Wewe unajua namna tulitengana, lakini acha niirudilie, maana kila nikiirudilia moyo unapata nguvu. Ile siku nilipanda mpaka mashamba ya Kingi kuvuna maharagi. Cyusa alikuwa na homa, nikamuacha kwa nyanya yake. Mabomu ikaanza kuanguka huku Sake, njia ikajaa watu, na sisi tuliokuwa kwenye mashamba tukasukumwa upande wa milima. Nilitembea siku kumi na moja, Masisi, Nyabiondo, mpaka kwako, maziwa ikinivuja kifuani na mutoto hayuko. Ulinikamua kwa mikono yako, Yaya. Na ulinipa telefone yako. Namba moja tu njo nilikuwa nayo kichwani, namba ya Anastasie, rafiki yangu, tuliyekuwa tunauzisha mandazi naye kwenye soko, meza yake pembeni ya yangu, yeye mujane na binti yake Tumukunde, mimi na mutoto mugongoni. Ulikuwa umekaa karibu yangu. Ulisikia kwa masikio yako namna alilia kwa furaha. Alisema wote wako wazima, na yeye atamuambia Ngabo leo leo kama niko muzima, na mimi nisirudi kwanza, njia iko mubaya, nikae kwa dada yangu. Kisha ile namba haikupita tena hata siku moja. Sisi tulisema labda telefone imeibiwa kambini. Tulimuombea, Yaya! Kila siku ya yenga kanisani wewe na mimi tulimuombea Anastasie.

Basi yeye alimuambia Ngabo kama watu wa Kingi waliona mwili wangu kwenye njia. Akalia kwenye matanga yangu kuliko wote, akamubeba mutoto wangu, akamupikia bwana yangu, na mwaka haukwisha akawa bibi yake. Vita ilipotulia wakarudi wote Sake, akaingia kwenye nyumba yangu.

Nilipofika waliita familia na pasteur. Ngabo alilia, akasema alishanizika ndani ya moyo, sasa hajui afanye nini na wanawake wawili. Mimi nilisimulia ile simu. Anastasie akasimama, akaweka mukono juu ya Biblia, akasema hakuna simu iliyofika, labda niliota kwa sababu ya njaa ya porini. Nikasema wewe ulisikia, wakasema dada hawezi kuwa shahidi wa dada yake. Watu wakamuamini. Nilimuangalia machoni na yeye akaniangalia, hakupepesa. Kisha wakamuleta Cyusa wakamuambia huyu njo mama yako. Aliangalia muguu yangu, akaangalia mufuko yangu, akakimbia kujificha ndani ya kitenge ya Anastasie akisema, "Mama, huyu mama ananitisha."

Yaya, pale sikulia. Kuna kitu ndani yangu kilitulia kabisa, kama maji ya ziwa kule Shasha upepo ukikatika. Wakaamua nipewe kile kijumba cha mbao nyuma ya nyumba, mpaka mutoto anizoee. Nikasema asante. Mama Mukandori akashangaa na upole yangu, akasema Walikale imenifundisha adabu.

Walikale ilinifundisha biskwi.

Juma ya pili nilitafuta unga ya ngano na sukari, siagi ya ng'ombe za Masisi, ile ya manjano yenye harufu ya majani, na mayai. Sina four ya kuokea, lakini Mama Adrienne alinionyesha: sufuria kubwa, ndani unaweka majiwe madogo meusi ya volkano, juu yake sahani ya bati, unafunika, na makala nyingine juu ya kifuniko, moto chini na moto juu. Nikafungua mulango wazi. Anastasie alikuwa anaenda sokoni asubuhi na kurudi saa kumi, na mama mukwe miguu inamuuma, hakimbizani na watoto. Sikumuita muntu. Harufu njo iliita.

Wa kwanza kuja alikuwa Tumukunde. Iko na miaka ine, muso ya mama yake, mudomo ya mama yake, namna ya kusimama mukono kiunoni ya mama yake. Nilipomuona kwenye mulango nilisikia uchungu mpaka kwenye meno. Akauliza ninapika nini. Nikamuambia, "Ninapika biskwi, lakini sina muntu wa kunisaidia." Akanawa mikono mwenyewe kwenye beseni. Nyuma yake Cyusa alikuwa amesimama nje, kidole mudomoni. Sikumuangalia. Kama kuku mugeni, ukimuangalia anakimbia.

Nilimupa Tumukunde chupa ya soda asukume unga, na kifuniko cha dawa akate viduara. Unga ilienda kwenye nywele, kwenye masikio, chini. Kila kiduara alikibonyeza na kidole gumba katikati, akasema hiyo ni kitovu. Cyusa akaingia hatua moja, kisha nyingine, mpaka akafika chini ya meza, akaanza kuokota vipande vya unga mubichi na kula. Mara ya tatu nilimuacha aweke siagi. Mara ya tano alipanda kwenye magoti yangu mwenyewe ili afikie sufuria ya sukari. Yaya, kichwa yake ilikuwa chini ya kidevu changu. Niliacha kupumua ili asishuke.

Watu wa pembeni walianza kusema, angalia yule mama, hana hasira, anapika na mutoto wa muke mwenzake kama wake. Mama Joséphine-Marie, mukubwa wa wamama wa kanisa, alinisimamisha siku ya yenga mbele ya wote, akasema mimi ni mufano. Wamama wakapiga vigelegele. Mimi niliinamisha kichwa.

Sasa sikia ukweli. Cyusa nilikuwa ninamupenda, huyo ni damu yangu, nilijua atarudi tu. Yule niliyekuwa ninamupikia ni Tumukunde. Nilitaka huyo. Nilimupa kiti chake, kikombe chake, nguo ndogo ya jikoni niliyomushonea kwa kitenge. Nilimuachia kufanya kila kitu alichokatazwa kwao. Mama yake akirudi sokoni amechoka, anamupigia kelele kwa ajili ya unga kwenye nywele, na mimi siku ya pili ninamuuliza pole pole, nani alikupigia kelele? Nani hajui kupika biskwi? Ninamusuka nywele wakati biskwi inaiva. Nikamufundisha kuniita Mama Tuyi, kwa kipande cha jina langu, kisha ile Tuyi nikaiacha ianguke yenyewe. Asubuhi moja nilisikia ananiita Mama tu, mbele ya Anastasie, aliyekuwa anafunga mizigo yake ya soko. Anastasie aligeuka haraka kama muntu aliyechomwa. Mimi niliendelea kuchekecha unga.

Kisha Tumukunde akakataa kula kwao. Akakataa kuogeshwa na mama yake. Anastasie aliwafungia ndani siku mbili. Mutoto alilia mpaka sauti ikakatika, na Mama Mukandori mwenyewe akafungua mulango akisema hatakufa na makelele.

Siku ya ine mvua ilikuwa inanyesha. Tulikuwa tumeweka sahani ya pili kwenye sufuria. Anastasie akaja, hakuenda sokoni. Alisimama kwenye mulango wangu, kitenge imelowa, akamuita binti yake. Tumukunde akaingia nyuma yangu, akashika kitenge yangu kwa mikono yote mbili, akasema, "Hapana. Mama huyu." Nilihesabu kimya kama makala inanguruma mara ngapi. Nilitaka ile saa ikae.

Anastasie akasema, "Tuyizere, mutoto wangu ulimufanya nini?"

Nikamuambia, "Nimemupikia tu."

"Umuachilie. Nakuomba."

"Mimi simushiki. Angalia mikono yangu."

Na nikamuonyesha mikono, unga mpaka kwenye kiwiko. Akapiga magoti pale kwenye matope. Hakusema juu ya simu, alilia tu, akasema nikitaka bwana nimuchukue, nikitaka nyumba niichukue. Nikamuambia bwana sitaki kwanza. Ninataka siku ya yenga asimame pale niliposimama mimi, aseme siku gani nilimupigia, nilisema nini, na yeye alijibu nini. Aseme yote. Akishasema, mimi nitamuambia Tumukunde arudi kwake.

Na alisema, Yaya. Alisimama mbele ya kanisa nzima, akasema simu ilifika siku ya pili ya juma, kisha saa kumi, akarudilia maneno yetu moja moja, hata namna nililia. Alisema alikuwa peke yake kambini na mutoto, Ngabo alikuwa anawaletea maji na kuni, na siku ile ile akaona kama nikirudi atabaki tena mujane wa bure. Mama Joséphine-Marie alifunika uso. Ngabo alitoka nje akatapika kwenye ukuta. Ile ile siku alimutupia Anastasie mifuko yake kwenye njia, na Mama Mukandori, yule aliyenifungia mulango, alimuleta Cyusa kwenye kijumba changu, akapiga magoti kuniomba musamaha. Nilimuacha kwenye magoti kidogo. Kisha nikamuinua, maana ni muzee.

Ngabo anataka nirudi kwenye nyumba kubwa. Nimemuambia angoje. Kila mangaribi anakaa peke yake kwenye kibaraza, anakula bugali baridi ya mama yake, ananiangalia. Bado angoje.

Anastasie alienda Shasha, kwa kaka yake muvuvi. Pasteur alisema mutoto asikokotwe akilia, abaki kwangu wiki tatu mpaka mama apate chumba, na mimi wakati ule nimutayarishe pole pole. Nilikubali mbele ya wote. Wakasema tena, mufano.

Sasa Yaya, kaa chini. Hii sijamuambia muntu, wala Mungu sijamuambia kwa sauti.

Anastasie alipokwenda, nilifikiri Cyusa atafurahi. Wapi. Kila asubuhi alienda kukaa kwenye jiwe pale wanapokunja njia ya soko, anangoja Mama. Si mimi. Nikipika hakuja. Nikimuita hakugeuka. Siku ya tatu aliniuliza Mama Anastasie iko wapi, na Tumukunde naye, aliyesema hamutaki, akaacha chupa ya kusukumia akangoja jibu langu. Yule Tumukunde! Nikawaambia amekufa.

Ndiyo, Yaya. Nilisema, "Mama Anastasie amekufa. Alikufa kule Shasha. Msimuulize tena." Nilisema kwa sauti ya kawaida, nikakata viduara viwili vingine. Nilitaka tu yeye afe kama nilivyokufa mimi, ndani ya kinywa cha watoto, na mimi nione. Kwa muda kidogo ilikuwa tamu kweli. Sitakudanganya.

Cyusa alilia. Tumukunde hakulia. Alifikiri, mukono kiunoni, kisha akauliza, "Atarudi siku gani?" Nikamuambia muntu akikufa harudi. Akaniangalia kama mimi njo mujinga. Akasema, "Wewe ulikufa. Nyanya alilia, tulivaa kitambaa. Na ulirudi."

Mimi nikafunika sufuria.

Basi akamufuta Cyusa machozi na nguo yake ya jikoni, akamueleza kama mama waliokufa wanachelewa tu, njia iko murefu, wanafika na mufuko. Cyusa akanyamaza. Biskwi ikatoka, akachagua moja, ile yenye kitovu kubwa, akaiweka kwenye sahani juu ya dirisha. Ya mama, akija njaa itakuwa inamuuma. Nilikasirika. Walipotoka kucheza niliichukua nikaikula mimi, nimesimama, kwa hasira, nikijua akikuta sahani tupu ataona kama hakuna mama. Akarudi, akaangalia sahani, akapiga makofi mpaka Mama Mukandori akatoka kuuliza kuna nini. "Mama alikuja! Alikula! Iko karibu!" Cyusa alikuwa anaruka ruka naye, wakizunguka sufuria.

Tangu ile siku tunapika kila siku ya pili, na kila mara anaweka moja. Na mimi, Yaya, ninaikula. Nisipoikula atalia, nikiikula anafurahi. Nilitaka kumuzika yule muntu, na sasa mimi njo ninamulisha.

Siku ya posho hii inayokuja, ile inayotangulia yenga, njo anakuja kumuchukua binti yake. Wazee wameshapanga, na pasteur atakuwa hapa. Tumukunde ataona mama yake anatoka kwenye njia ya Shasha na mufuko mukononi, na hatashangaa. Atakimbia. Na ninaona kabisa, kama vile imekwisha kutokea, Cyusa atakimbia nyuma yake. Watasema mbele ya wote kama Mama amefufuka, na watu watageuka kuniangalia, na Anastasie atajua.

Niliwaza kuchukua watoto wawili na kuja kwako, nilishakunja nguo. Kisha nikazikunjua. Siwezi kumubeba mutoto wa muntu kwenye ile njia ya Nyabiondo nikijua mama yake iko hai nyuma. Ningeweza kuwaambia leo wakiamuka kama nilidanganya. Nimejaribu mara mbili. Ninafungua mudomo, ninamuona yule muke na mukono juu ya Biblia, ninafunga.

Usiniandikie nimusamehe, nakuomba kwa jina la marehemu mama yetu. Hiyo sina, na sitajifanya ninayo. Najua pia jibu yako haitafika mbele ya siku ya posho. Lakini wewe njo ulinikamua maziwa, na nilitaka muntu moja ajue kabla ya wengine, na ajue kwangu mimi.

Ninasikia Tumukunde ameamuka. Anauliza leo tutapika. Nimemuambia ndiyo. Nimemuambia pia leo aweke mbili kwenye dirisha, maana mama waliokufa ni wawili.

Unibusie watoto wako mumoja mumoja, hasa yule mudogo aliyekuwa analala na mimi kwenye mukeka. Shemeji Jean-Claude apokee salamu yangu ya heshima, na majirani wote wa kule walionipokea kama mutoto wao. Mungu awalinde na njia, na mvua, na mioyo ya watu, na yangu mimi ikiwa ndani.

Mudogo wako asiyekusahau,

Tuyizere